Faili liko wapi? Kusoma na kuhifadhi mafaili ya seva kutoka kwenye programu ya Java

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Morogoro, nimetengeneza mfumo wa shule kwa Java, servleti na JSP, unaoendeshwa na Tomcat 9. Kwenye kompyuta yangu yenye Windows na Eclipse kila kitu kinakwenda vizuri: mfumo unasoma faili la mipangilio, unachukua kiolezo cha ripoti ya mwanafunzi, walimu wanapakia picha na zinaonekana. Nilipouhamishia kwenye seva ya Ubuntu 22.04, mambo matatu yaliharibika. Kwanza, `new FileInputStream("mipangilio.properties")` inatoa `FileNotFoundException`. Nikabadilisha nikatumia `getRealPath`, ikakubali kusoma. Pili, picha zinapakiwa sawasawa, ila kila nikiweka toleo jipya la mfumo zinapotea zote. Tatu, nilipojaribu kuzihifadhi kwenye `/srv/shule/picha`, Tomcat inakataa kuandika ingawa folda nimeipa chmod 777. Hivi njia sahihi ya kulifikia faili lililo kwenye seva ni ipi?

Jibu: Marahaba. Chanzo cha hayo mawili ya kwanza ni kimoja, la tatu lina lake, na nitalifikia.

Kabla ya kuuliza faili liko wapi, jiulize lilizaliwa lini. Kama lilikuwapo kabla hujaifunga WAR (lile faili moja la zipu lenye programu yako yote, unalolipeleka kwenye Tomcat), yaani umeliandika wewe kwenye mradi wako, hilo ni sehemu ya programu. Husafiri na WAR, na unapaswa kuliomba kwa konteina (yaani Tomcat, inayobeba programu yako) au kwa Java bila kujali limekaa kwenye diski gani. Faili la mipangilio na kiolezo cha ripoti ni wa kundi hili. Kama limezaliwa baada ya WAR kufika kwenye seva, mathalani picha ambayo mwalimu ameipakia jana, hilo si mali ya WAR hata kidogo. Likae nje yake kabisa, kwenye folda ambayo programu inaambiwa na msimamizi wa seva. Wewe umezichanganya aina hizi mbili, ukazihudumia zote kwa `getRealPath`.

Tuanze na kosa la kwanza. `new FileInputStream("mipangilio.properties")` haitafuti faili jirani na klasi yako, wala ndani ya WAR. Java inalichukua jina hilo na kuliunganisha na folda ambamo JVM, mashine inayoendesha programu za Java, ilianzishwa, ile inayotajwa na `user.dir`. Ni sawa na kumwelekeza mgeni "nyumba ya tatu mkono wa kushoto" bila kumwambia ashukie kituo gani. Ukiendesha Tomcat ndani ya Eclipse, kituo hicho mara nyingi ni folda ya Eclipse yenyewe, na hapo bila shaka ndipo ulipoliweka faili lako likasomeka. Ukiianzisha Tomcat kwa mkono kwa `startup.sh`, ni folda yoyote uliyokuwamo kwenye terminali wakati huo. Ikianzishwa na systemd, msimamizi wa huduma wa Linux, kama ilivyo kwenye Ubuntu, huduma huanzia kwenye mzizi `/` isipokuwa imeelekezwa vingine. Weka mstari huu ndani ya servleti yoyote kisha usome logi, utajionea:

```java
System.out.println(Paths.get("").toAbsolutePath());
```

Usijaribu kurekebisha kwa kubadilisha `user.dir` ndani ya msimbo. Folda hiyo ni ya JVM nzima, na Tomcat hiyo hiyo huenda inabeba programu nyingine za watu. Wala usiandike `C:\\Users\\...` ukitegemea kuja kuibadilisha siku ya kuhamia kwenye seva. Siku hiyo ikifika utakuwa umeiandika mahali ishirini.

Faili lililozaliwa kabla ya WAR lisome hivi:

```java
Properties mipangilio = new Properties();
try (InputStream in = getServletContext()
        .getResourceAsStream("/WEB-INF/mipangilio.properties")) {
    if (in == null) {
        throw new ServletException("mipangilio.properties haimo kwenye WAR");
    }
    mipangilio.load(new InputStreamReader(in, StandardCharsets.UTF_8));
}
```

Njia inaanza na mkwaju (`/`), na mkwaju huo ni mzizi wa WAR, sio mzizi wa diski. Kilichopo chini ya `WEB-INF` hakifikiwi na kivinjari moja kwa moja. Konteina haimpi mgeni, ila programu yako inakisoma. Kwa hiyo ndipo mahali pa nywila za hifadhidata kama huna budi kuziweka ndani ya WAR, ingawa ningependa zikae nje, na hilo linakuja. Ile `if (in == null)` usiiache. `getResourceAsStream` haitupi kosa faili likikosekana, inarudisha `null` kimya kimya, halafu `NullPointerException` inakuja kukurukia mistari kadhaa mbele na kukupeleka kutafuta kosa pasipo kosa. Na nimepitisha mkondo ndani ya `InputStreamReader` kwa sababu `load` ikipewa `InputStream` tupu husoma maandishi kwa ISO-8859-1. Kiswahili chetu cha kawaida hakitaharibika, lakini jina moja la mwanafunzi lenye herufi yenye alama litaharibika.

Wakati mwingine uko ndani ya klasi ya kawaida isiyo servleti, huna `ServletContext` mkononi. Hapo liweke faili mahali Java inapotafutia klasi zake. Ukitumia Maven, mahali hapo ni `src/main/resources`, ambapo kila kitu huhamia `WEB-INF/classes` wakati wa kufunga WAR. Yaliyomo `src/main/webapp` ndiyo yanayokuwa mzizi wa WAR. Kisha:

```java
InputStream in = Mipangilio.class.getResourceAsStream("/mipangilio.properties");
```

Hapa mkwaju una kazi nyingine, na wengi hujikwaa. Kwenye `Class`, ukiuweka unaanzia mzizi wa `WEB-INF/classes`. Ukiuacha unaanzia kwenye pakiti ya klasi hiyo. Ukipitia `ClassLoader` badala ya `Class`, mkwaju wa mwanzo hautakiwi kabisa, na ukiuweka kwa kawaida utapata `null`. Faili lililo `WEB-INF/` lakini nje ya `classes` halionekani kwa njia hii hata ufanyeje. Hilo ni la `ServletContext`.

Sasa `getRealPath`. Ilikubali kusoma kwa sababu Tomcat kwa kawaida huifungua WAR na kuitandaza kama folda ya kawaida ndani ya `webapps`. Hilo ni chaguo la Tomcat, halijaahidiwa na mtu. Msimamizi akiandika `unpackWARs="false"` kwenye `server.xml`, au programu ikiendeshwa kwenye seva isiyoitandaza WAR, `getRealPath` inarudisha `null`, maana faili halina njia kwenye diski, liko ndani ya zipu. Kwa hiyo kwa kusoma, ina kasoro. Kwa kuandika ni hatari, na hapo ndipo picha zako zilipopotelea.

Kilichotokea ni hiki. `getServletContext().getRealPath("/picha")` inakupa kitu kama `/var/lib/tomcat9/webapps/shule/picha`. Ukaandika humo, picha zikaonekana, ukafurahi. Siku ya toleo jipya umeweka `shule.war` mpya. Tomcat ikaona ni mpya kuliko ile iliyotandazwa, ikaifuta folda nzima ya `webapps/shule`, ikatandaza upya kutoka kwenye WAR. Picha hazimo kwenye WAR kwa sababu walimu walizipakia baada ya WAR kufungwa. Tomcat haijakosea. Folda ile ni yake, huifuta na kuijenga inavyotaka. Kwenye Eclipse hukuliona hili mapema kwa sababu Eclipse haitandazi hata kwenye `webapps`. Kwa mpangilio wake wa kawaida huweka nakala kwenye folda iliyojificha ndani ya eneo lako la kazi, `.metadata\.plugins\org.eclipse.wst.server.core\tmp0\wtpwebapps`. Ukipakia picha ukaenda kuitafuta kwenye mradi wako usiione, iko huko. Na ukibonyeza Clean kwenye seva, inakwenda na maji.

Kwa hiyo picha zihamie nje. Swali linalobaki ni programu itaijuaje folda hiyo bila wewe kuiandika kwenye msimbo. Njia ninayoipenda kwa Tomcat ni faili la konteksti, yaani faili la mipangilio ya programu moja ambalo Tomcat hulisoma nje ya WAR. Kwenye Ubuntu, kwa Tomcat 9 iliyosakinishwa kwa apt, tengeneza `/etc/tomcat9/Catalina/localhost/shule.xml`:

```xml
<Context>
    <Parameter name="foldaData" value="/srv/shule" override="false"/>
</Context>
```

Jina la faili lazima lifanane na jina la programu. Kwenye servleti unaisoma mara moja tu, wakati wa kuanza:

```java
private Path folda;

@Override
public void init() throws ServletException {
    String njia = getServletContext().getInitParameter("foldaData");
    if (njia == null) {
        throw new ServletException("foldaData haijawekwa kwenye konteksti");
    }
    folda = Paths.get(njia, "picha").toAbsolutePath().normalize();
    if (!Files.isDirectory(folda) || !Files.isWritable(folda)) {
        throw new ServletException("Siwezi kuandika kwenye " + folda);
    }
}
```

Kwenye kompyuta yako `shule.xml` itasema `C:/data/shule`, kwenye seva itasema `/srv/shule`, na WAR ni ile ile moja. Mkwaju wa kawaida unafanya kazi Windows pia, usijisumbue na `\\`. Na ule ukaguzi wa mwisho utakuokoa: ni heri servleti igome kuanza na kusema ni folda gani, kuliko mwalimu aje kukwama saa nne asubuhi akiwa na picha arobaini mkononi. Ongeza `loadOnStartup = 1` kwenye `@WebServlet`, vinginevyo `init` haitaitwa mpaka ombi la kwanza lifike.

Tahadhari moja. Ukiiondoa programu kwa kutumia Undeploy ya Tomcat Manager, `shule.xml` nayo inafutwa pamoja na WAR na folda iliyotandazwa. Weka nakala yake. Ukiona hiyo ni kero, tumia kigezo cha JVM. Kwenye Ubuntu unafungua `/etc/default/tomcat9` na kuongeza `-Dshule.data=/srv/shule` kwenye `JAVA_OPTS`, kisha unakisoma kwa `System.getProperty("shule.data")`. Kwa konteina za Docker watu wengi hupenda kigezo cha mazingira na `System.getenv`, nayo ni sawa, ilimradi folda yenyewe iwe volyumu, yaani hifadhi iliyo nje ya konteina. Vinginevyo konteina ikibadilishwa, picha zinaondoka nayo, na umerudi pale pale.

Tufike kwenye la tatu, ambalo naona ndilo lililokuchosha. Umeipa folda 777 na bado inakataa. Kosa lenyewe hukulinakili, lakini kwa seva uliyoitaja karibu nina hakika logi inasema hivi:

```
java.io.FileNotFoundException: /srv/shule/picha/12.jpg (Read-only file system)
```

Watu husoma neno la kwanza tu, `FileNotFoundException`, wakaanza kuhangaika kutafuta faili. Soma maneno yaliyo ndani ya mabano. Yangekuwa `Permission denied`, ungekuwa na tatizo la ruhusa za folda, na chmod au chown ingelitibu. `Read-only file system` ni jambo tofauti: mfumo endeshi unaiambia Tomcat kwamba eneo lote hilo ni la kusoma tu, ruhusa za folda zisemeje. Diski yako ni nzima. Ni kwamba Tomcat 9 iliyopakiwa na Debian na Ubuntu inaendeshwa ndani ya uzio wa systemd. Tazama mwenyewe:

```
systemctl cat tomcat9
```

Utaona `ProtectSystem=strict`, inayofanya karibu mfumo mzima wa mafaili uwe wa kusoma tu machoni pa Tomcat, halafu mistari michache ya `ReadWritePaths=` inayotaja folda zilizoachwa wazi: `webapps`, logi na ile ya konteksti. `/srv/shule` haimo. Ndiyo maana kwenye `webapps` uliweza kuandika na kwingine ukakataliwa. Mlango uongeze hivi:

```
sudo systemctl edit tomcat9
```

Kwenye kihariri kinachofunguka andika mistari miwili:

```
[Service]
ReadWritePaths=/srv/shule/
```

Kisha tengeneza folda, mpe Tomcat umiliki, uianzishe upya:

```
sudo mkdir -p /srv/shule/picha
sudo chown -R tomcat:tomcat /srv/shule
sudo chmod -R u=rwX,g=rX,o= /srv/shule
sudo systemctl restart tomcat9
```

Folda iwepo kabla ya kuanzisha upya. Ukitaja kwenye `ReadWritePaths` folda isiyokuwapo, Tomcat haitawaka kabisa na `systemctl status` itakuonyesha `226/NAMESPACE`, ujumbe usiomsaidia mtu asiyeujua. Na ile 777 iondoe, kama amri ya tatu hapo inavyofanya. Haikusaidia chochote, na inampa kila mtumiaji wa seva hiyo uwezo wa kubadilisha picha za wanafunzi. Baada ya hapo, ikiwa bado unaona `Permission denied`, endesha `namei -l /srv/shule/picha`. Inaonyesha mmiliki na ruhusa za kila hatua ya njia, kuanzia mzizi, na mara nyingi mkosaji ni folda ya juu ambayo hukuitazama.

Kwenye uzio huo huo kuna `PrivateTmp=yes`. Faili ambalo programu yako imeliandika `/tmp` halitaonekana kwako ukifungua `/tmp` kwa SSH, kwa sababu Tomcat ina `/tmp` yake binafsi. Usidhani halikuandikwa. Ukiwa Ubuntu 24.04 utakuta Tomcat 10, kwa hiyo badilisha jina la huduma na la folda ya `/etc`, na kumbuka kwamba kuanzia Tomcat 10 pakiti zimehama kutoka `javax.servlet` kwenda `jakarta.servlet`. WAR yako ya sasa haitawaka humo bila kubadilishwa.

Sasa kupokea picha yenyewe. Usitumie jina la faili alilotuma mwalimu. Majina hugongana (`IMG_0001.jpg` zitakuja nyingi), na jina hilo linatoka kwa mtu wa nje, anaweza kuandika chochote. Lipe faili jina lako:

```java
Part kipande = req.getPart("picha");
String jina = UUID.randomUUID() + ".jpg";
try (InputStream in = kipande.getInputStream()) {
    Files.copy(in, folda.resolve(jina));
}
```

Servleti iwe na `@MultipartConfig(maxFileSize = 2 * 1024 * 1024)` au kiasi unachoona kinafaa, la sivyo mtu mmoja atakujazia diski. Kuhakikisha ni picha kweli, ifungue kwa `ImageIO.read`. Ikirudisha `null`, haiijui kuwa picha, itupe. Kwenye hifadhidata hifadhi `jina` peke yake, kamwe usihifadhi njia nzima. Siku folda ikihama, unabadilisha mstari mmoja kwenye `shule.xml`, wala hugusi safu hata moja. Nimetumia `Files` na sio `File` kwa makusudi: `File.delete()` na `mkdirs()` zikishindwa zinarudisha `false` tu, bila kusema kwa nini. `Files` inatupa kosa lenye sababu.

Kuna pia wanaotuma njia ya faili kama maandishi kwenye fomu wakitarajia seva ilifungue, na kwenye kompyuta yao inafanya kazi kwa kuwa kivinjari na seva viko kwenye mashine moja. Seva ya Ubuntu haiwezi kufungua `C:\` ya mwalimu. Kivinjari chenyewe, ukikiuliza kwa JavaScript, hakitoi njia ya kweli. Kinasema `C:\fakepath\` na jina la faili. Mwili wa faili lazima usafiri kwa `multipart/form-data`.

Baada ya picha kukaa nje ya WAR, `<img src="picha/12.jpg">` haitazipata tena. Unahitaji wa kuzitoa. Kwa nembo na mapambo yasiyo na siri, Tomcat 8 na kuendelea inaweza kuipandikiza folda ya nje ndani ya programu, ukiongeza hii ndani ya `<Context>`:

```xml
<Resources>
    <PostResources className="org.apache.catalina.webresources.DirResourceSet"
                   base="/srv/shule/nembo" webAppMount="/nembo"/>
</Resources>
```

Lakini picha na ripoti za watoto mimi ningezipitisha kwenye servleti, ili kila ombi likaguliwe kama aliyeomba ameingia kwenye mfumo na kama mwanafunzi huyo anamhusu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya 2019, na shule ndiyo itakayoulizwa mafaili hayo yakikutwa wazi kwenye intaneti. Moyo wa servleti hiyo, iliyopewa `@WebServlet("/picha/*")`, ni huu:

```java
String ombi = req.getPathInfo();
if (ombi == null || ombi.length() < 2) {
    res.sendError(404);
    return;
}
Path faili = folda.resolve(ombi.substring(1)).normalize();
if (!faili.startsWith(folda) || !Files.isRegularFile(faili)) {
    res.sendError(404);
    return;
}
res.setContentType(getServletContext().getMimeType(faili.getFileName().toString()));
res.setContentLengthLong(Files.size(faili));
Files.copy(faili, res.getOutputStream());
```

Ukaguzi wa kikao uweke mwanzoni kabisa, sijauandika kwa sababu sijui unavyoingiza watumiaji wako.

Simama kidogo kwenye `normalize` na `startsWith`, maana ndiyo mistari ambayo watu huifuta wakidhani ni mapambo. Chukulia servleti ingepokea jina kwa kigezo, `?jina=../../../etc/passwd`. `folda.resolve(jina)` inatoa `/srv/shule/picha/../../../etc/passwd`, ukipanda ngazi tatu umefika mzizi, ukashuka `/etc/passwd`. Mgeni akiandika `/etc/passwd` moja kwa moja, `resolve` haiunganishi chochote, inaitupa folda yako na kurudisha alichoandika yeye. Tomcat husafisha `..` zilizo kwenye anwani yenyewe, ila zilizo kwenye vigezo haizigusi, na huwezi kujua kesho nani ataibadilisha servleti isome kigezo. `normalize` inazifuta zile nukta, `startsWith` inauliza kama bado tumo ndani. Na iwe `startsWith` ya `Path`. Ile ya `String` itakubali `/srv/shule/picha-za-zamani` kwa sababu herufi zake zinaanza na `/srv/shule/picha`; ile ya `Path` inalinganisha folda kwa folda, itaikataa.

Kiolezo cha ripoti: kama unatumia JasperReports, `JasperFillManager.fillReport` inapokea `InputStream`, kwa hiyo mpe ile ya `getResourceAsStream` na umemaliza. Ukikutana na maktaba inayodai `File` na haitaki kingine, nakili mkondo kwenda faili la muda kwa `Files.createTempFile` na `Files.copy`, lifute ukimaliza. Wenye Spring Boot nao hukutana na ugumu huu huu: `ClassPathResource.getFile()` inakubali kwenye kompyuta yao na inagoma ndani ya JAR, dawa ni `getInputStream()`.

Kuhusu Windows na Linux, kingine kitakachokupata ni herufi kubwa na ndogo. `Nembo.PNG` na `nembo.png` kwa Windows ni faili moja, kwa Ubuntu ni mawili. Yape mafaili yote ya mradi herufi ndogo.

Usiweke WAR mpya kabla hujazitoa picha zilizopo sasa. Ukishaongeza `ReadWritePaths` na kutengeneza folda, nakili kwanza:

```
sudo cp -a /var/lib/tomcat9/webapps/shule/picha/. /srv/shule/picha/
sudo chown -R tomcat:tomcat /srv/shule/picha
```

Linganisha idadi ya pande zote mbili kwa `ls | wc -l`. Kama hifadhidata ina njia nzima, zikate zibaki majina. Ndipo uweke WAR mpya, na uingize `/srv/shule` kwenye nakala rudufu ya kila usiku pamoja na ya hifadhidata, maana moja bila nyingine haina maana. Mwalimu akishapakia picha ya kwanza, chungulia `webapps/shule`. Ukikuta folda ya `picha` imeota tena humo, kuna kona ya msimbo bado inaandika kwa njia ya zamani. `grep -rn getRealPath src/` itakuonyesha ni mstari gani.